Utangulizi: Mwalimu Mkuu Ng'ambo ya Tana

Basi la kutoka Nairobi husimama kabla ya daraja la Tana. Abiria hushuka na vitambulisho mkononi, hupanga mstari mbele ya askari, kisha hurudi ndani kungoja waliokwama. Kilomita 370 hivi za lami na vumbi zimeshakwisha, mji uko mbele ya macho, lakini hapo ndipo safari huwa ndefu. Mara yangu ya kwanza nilikaa kando ya mzee mmoja mwenye kofia nyeupe na ndevu za hina. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa, ila nimepitia Nairobi. "Ahaa," akasema, "kumbe umetoka Kenya."

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Watu wa Garissa, Wajir na Mandera wakivuka mto kuelekea Nairobi husema wanakwenda Kenya, na husema hivyo bila kinyongo, kama mtu wa Lamu asemavyo anakwenda bara. Nimeanza na mzee huyu kwa sababu miaka yote niliyosomesha historia ya elimu sijapata maelezo mafupi kuliko yake ya jambo ambalo kitabu hiki kinalishughulikia. Basi, msomaji, karibu. Vuka nasi.

Taaluma ninayokukaribisha ina jina refu na watu wachache: ni historia ya walimu wakuu weusi walioendesha shule katika zama ambazo sheria iliwatenga watoto kwa rangi. Marekani ina makabati ya vitabu juu yake. Kenya ya kati na ya magharibi zina vyao vya kutosha. Ukifika kwenye Kaskazini Mashariki unaweza kuvibeba vilivyopo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukabaki na kikombe cha chai. Wanafunzi wanaotoka Garissa hunijia wakiwa na hofu kwamba wamechelewa, kila kitu kimeshaandikwa. Huwaambia wamefika kabla ya mwenye nyumba kuamka.

Tuanzie mbali. Mwaka 1908, katika wilaya ya Henrico jimboni Virginia, mwalimu mweusi aliyeitwa Virginia Randolph alipewa kazi ambayo haikuwahi kuwapo: kuzunguka shule ndogondogo za watoto weusi, kuwaongoza walimu wenzake, kufundisha ushonaji na upishi, kupanda miti uani, kupaka chokaa kuta zilizochakaa. Mshahara wake ulitoka katika mfuko wa dola 1,000,000 ulioanzishwa mwaka uliotangulia kwa fedha za Anna Jeanes, bibi tajiri wa Philadelphia. Kazi yake ikapendeza, na kote kusini mwa Marekani walimu wa namna yake wakaitwa walimu wa Jeanes. Walikuwa wakaguzi wasio na cheo, walimu wakuu wa shule kumi kwa wakati mmoja, na yote hayo waliyatenda ndani ya mipaka iliyochorwa na wazungu waliokuwa na ufunguo wa sanduku la fedha.

Hapo ndipo ugomvi mkubwa wa taaluma yetu ulipozaliwa, na bado haujaisha. Je, walimu hawa waliwainua watu wao, au waliufanya ubaguzi uvumilike? Kuna wanaowaona mashujaa, wapo wanaowaona vibaraka. Mimi naona kwamba mtu yule yule aliweza kuwa hili asubuhi na lile jioni, na mwanahistoria asiyeweza kubeba yote mawili katika kapu moja atafute kazi nyingine.

Virginia inatuhusu kwa sababu mfumo huo ulisafirishwa hadi kwetu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ambaye alikuwa amefundisha Hampton, chuo cha watu weusi hukohuko Virginia. Pamoja naye alikuwapo James Aggrey, Mwafrika mzaliwa wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, na umati ulimfuata kila alikopita maana wengi hawakuwahi kumwona mtu mweusi akizungumza na magavana kama sawa yao. Tume ikapendekeza kwamba Mwafrika afundishwe kama mweusi wa Hampton, na wa Tuskegee, chuo cha namna hiyohiyo, alivyofundishwa: kilimo, useremala, usafi, ufundi wa mikono. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes pale Kabete. Jina la bibi wa Philadelphia, ambaye sidhani kama aliwahi kulisikia neno Kabete, likabandikwa kwenye kilima nje ya Nairobi.

Katika Kenya ya wakati ule shule zilikuwa za droo nne: ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waarabu na ya Waafrika. Kila droo ilikuwa na bajeti yake, majengo yake na hatima yake. Mwaka 1942 serikali iliwalazimisha watoto wa Kizungu kusoma, wakati mtoto wa Kiafrika alikuwa bado anagombania benchi. Walimu nao walipangwa hivyohivyo. Hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Tume ya Holmes ya 1948 iliacha mahali pake ile kanuni ya kumlipa Mwafrika au Mhindi tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Nawaomba wanafunzi waishike sehemu hiyo mkononi kama sarafu. Mtu amesoma kiwango kile kile, ameshika chaki ile ile, darasa lina watoto mara mbili, na mwisho wa mwezi anahesabiwa shilingi 3 pale mwenzake anapohesabiwa 5.

Katika mazingira hayo akarudi nyumbani Peter Mbiyu Koinange mwaka 1938. Alikuwa mtoto wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu wa Kiambu. Alisoma Hampton, akaendelea Ohio Wesleyan, akachukua shahada ya pili Columbia. Angalia njia aliyopita: ameingia kwenye kiwanda kile kile kilichotengeneza ule mfumo wa elimu ya mikono, akatoka upande wa pili na shahada ambayo mfumo haukumkusudia. Januari 1939 akaanzisha Chuo cha Ualimu Githunguri, akawa mkuu wake. Kabla ya hapo Wakikuyu walikuwa wameshaanza shule zao huru tangu mgogoro wa tohara ya wasichana na wamisionari mwaka 1929, lakini shule hizo zilikosa walimu waliofunzwa. Githunguri ilikuwa jibu.

Wasomi wengi humtazama Mbiyu kwa shahada zake. Mimi humtazama kwa orodha zake za michango. Chuo kile hakikujengwa na serikali wala misheni. Mariika ya Wakikuyu yalishindana kuchanga, rika hili likitoa fedha rika lile likaona haya likatoa zaidi. Na wanawake walipoona wasichana hawana bweni, wakachanga wao na kulisimamisha. Mzee asiyejua kusoma aliweza kupita pale, akaonyesha kidole dirisha fulani na kusema lile ni langu. Mwaka 1947 Jomo Kenyatta akachukua ukuu wa chuo. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, chuo na shule huru zikafungwa, na serikali ya kikoloni ikauweka mti wa kunyongea watu pale pale Githunguri. Shikilia picha hiyo, uwanja wa shule uliogeuzwa mahali pa adhabu. Tutakutana nayo tena mtoni Tana.

Sasa tuvuke.

Kaskazini, ubaguzi ulivaa nguo nyingine. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 iliifunga nchi ile: hukuingia bila kibali, hukutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa nyingine iliyompa mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamua ni wapi ngamia wako walishwe na ya kuutoza faini ukoo mzima kwa kosa la mtu mmoja. Wamisionari, ambao kwingineko ndio waliobeba shule mgongoni, hawakuwa na nafasi katika nchi ya Waislamu, na maofisa hawakutaka fujo. Mwafrika wa Nairobi alisimamishwa mlangoni pa shule ya Wazungu akaambiwa asiingie. Mtoto wa Wajir hakupata hata mlango wa kufukuziwa. Shule za serikali zilianza kuonekana kwa kujikokota, na mpaka Uhuru unabisha hodi, kijana wa Garissa aliyetaka sekondari ilimpasa avuke mto aende Kenya, kama yule mzee wangu angesema.

Tena hata neno "mweusi", ambalo taaluma yetu imelirithi Marekani, huku linateleza. Miaka ya 1930 Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliokaa Isiolo na Nairobi walipigana na serikali kwa barua na mawakili wakitaka watozwe kodi ya Waasia. Kodi hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Watu wakidai kutozwa zaidi! Lakini waliijua hesabu yao: katika nchi ya droo nne, droo unayowekwa ndiyo itakayoamua hospitali utakayolazwa, jela utakayofungwa, na shule ya mwanao. Mwanafunzi anayekuja kaskazini akimtafuta mwalimu mkuu mweusi wa mtindo wa Virginia atarudi mikono mitupu, kisha ataandika kwamba hakuna historia. Nimeshasoma tasnifu mbili za namna hiyo.

Hoja ya kitabu hiki ni kwamba yupo, ila tumemtafuta katika nyumba isiyo yake. Githunguri ya Garissa ilikuwa duksi.

Duksi ni shule ya Kurani ya Wasomali. Sisi wa pwani tunaiita chuo, na lugha yetu imetufanyia kichekesho kizuri kwa kulichukua neno hilohilo na kuliongezea "kikuu" ili kupata jina la mahali ninapofanyia kazi. Ukitaka kuijua duksi ya wafugaji, ondoa majengo kichwani. Kuna moto alfajiri au baada ya magharibi, na watoto wameuzunguka, kila mmoja na ubao wake mrefu wa mti uliolainishwa kwa kushikwa. Wino ni makaa yaliyosagwa, yakachanganywa na maji na ulimbo wa mti. Kalamu ni kijiti kilichochongwa ncha. Mtoto huandika aya anayopewa, huisoma kwa sauti mpaka imkae, kisha ubao huoshwa na kuandikwa upya. Nimeshika ubao mmoja wa zamani uliokuwa umeoshwa mara nyingi mno hata katikati umebonyea kama jiwe la kusagia. Ukiuelekeza kwenye mwanga, unaona vivuli vya herufi juu ya vivuli vya herufi, wala hujui ni mtoto yupi aliyeandika ipi. Irabu za Kiarabu hufundishwa kwa majina ya Kisomali, kanuni ambayo jadi humhusisha nayo Sheikh Yusuf al-Kawneyn, ili mtoto asiyejua Kiarabu aweze kusoma kabla hajaelewa.

Msimamizi wa yote haya ni maalimu. Neno ni letu lilelile, mwalimu, ila limekuja kwa njia nyingine. Kambi ikihama kufuata malisho, duksi hupakiwa juu ya ngamia pamoja na vyungu na mikeka. Maalimu hulipwa mifugo, na wazazi wasiporidhika naye hatapata hata mbuzi. Hakuna afisa aliyempeleka, hakuna afisa awezaye kumhamisha. Miaka mingi baadaye, wataalamu wa elimu wakakaa mikutanoni na kubuni kitu walichokiita shule za kuhamahama, wakaandika kama wamevumbua.

Katika majedwali ya serikali ya kikoloni duksi haikuwa shule. Ofisa aliandika kwamba wilaya haina elimu, huku nyuma ya hema lake watoto wanasoma kwa sauti hata anashindwa kulala. Nimejaribu mara nyingi kuwaza uso wake.

Najua utanipinga, na ni vizuri. Utasema duksi haikuzaliwa na ubaguzi; ilikuwapo karne nyingi kabla ya Mwingereza. Kweli kabisa. Lakini nchi ilipofungwa, kazi yake ilibadilika. Ilipokuwa shule mojawapo, ikawa shule pekee. Ilikuwa mahali pa dini, ikawa mahali ambapo jamii ililipia mwalimu wake, ikamchagua, ikamhoji, na hayo ndiyo mambo hasa tuliyomsifia Mbiyu Koinange. Utasema pia maalimu alichapa fimbo, na kwamba msichana mara nyingi aliondolewa mapema, akasomeshwa sura chache za sala tu. Hilo nalo ni kweli, na sura ya nne ya kitabu hiki hailipaki rangi. Githunguri nayo ilikuwa na madeni na walimu wa kubahatisha. Hatukuifuta kwa sababu hiyo.

Ukikubali hoja yangu hata nusu, mengi yaliyofuata yanasomeka upya. Shule ya serikali ilipofika Garissa, haikuikuta karatasi tupu. Ilikuta mwalimu, na aghalabu ilimpita bila salamu. Mwalimu mkuu wa kwanza wa shule hizo alitoka ng'ambo, Mkristo mara nyingi, asiyejua Kisomali, akiishi kwenye nyumba ya bati iliyotengwa na mji. Wazazi walimtazama mtu huyu, wakamtazama maalimu, wakajiuliza swali moja ambalo mimi nalihesabu kuwa swali la msingi la taaluma nzima: hii shule ni ya nani? Walimu wakuu waliofanikiwa kaskazini, na wapo, walikuwa wale waliolisikia swali hilo kabla ya kuulizwa. Walimwita maalimu, wakampa saa katika ratiba na kiti katika ofisi ya walimu. Si jambo kubwa kwenye karatasi. Kwa mzazi, kiti kile kilikuwa sawa na dirisha la Githunguri.

Uhuru ungepaswa kuyamaliza haya. Kusini uliyamaliza kwa kiasi: Tume ya Ominde ya 1964 ikapendekeza shule za rangi zivunjwe. Kaskazini uhuru ulikuja na vita. Mwaka 1962 tume ya watu wawili, Mnigeria Onyiuke na Mkanada Bogert, ilikuwa imewauliza watu wa huko wanataka nini, na Wasomali walio wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Hawakupewa. Hali ya hatari ikatangazwa mwishoni mwa Desemba 1963, vita vya waasi walioitwa Shifta vikadumu hadi mkataba wa Arusha wa 1967, lakini sheria za hatari zikabaki mpaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa mwaka wa uhuru alikuwa na umri wa miaka 28 alipoanza kuishi chini ya sheria zile zile na mwenzake wa Nyeri. Juu ya hayo uliletwa Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, ulioelekeza fedha za maendeleo ziende kwanza panapozalisha haraka, yaani penye mvua, barabara na mashamba. Ukiusoma leo unaona kwamba haukuzigawa fedha hizo kwa rangi, lakini ramani iliyotokana nao ni ileile ya 1902.

Yalikuwapo mazuri, nisiyafiche. Mwaka 1971 karo ya msingi ilifutwa katika wilaya kame, miaka miwili kabla ya sehemu nyingine za nchi kuonjeshwa, na shule za bweni za gharama nafuu zikajengwa ili mtoto asome huku mifugo ikihama. Katika mabweni hayo ndipo kizazi cha kwanza cha walimu wakuu waliozaliwa kulekule kilipopikwa. Wengi wao ni watoto wa maalimu. Hata jina lenyewe limeenea kaskazini kote, na Hussein Maalim Mohamed wa Garissa aliingia nalo katika Baraza la Mawaziri mwaka 1983, Msomali wa kwanza wa Kenya kufika pale.

Na sasa ile picha niliyokuomba uishikilie. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa. Waliwekwa pale kwa siku kadhaa, juani, bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika katika ripoti yake ya 2013. Githunguri palijengwa mti wa kunyongea. Garissa ulitumika uwanja wa mpira. Huwauliza wanafunzi: Jumatatu iliyofuata, mwalimu mkuu alipiga kengele gani? Aliwaambia nini watoto waliopangwa gwaride mahali ambapo baba zao walikuwa wamelala kifudifudi? Huwa darasa linanyamaza. Hilo ni swali la utafiti, nawaambia. Wapo wanaokumbuka.

Kuhusu miaka ya karibuni sitasema mengi, kwa sababu vidonda bado vibichi na kwa sababu waandishi wa sura za mwisho wanajua zaidi yangu. Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wengi wao walimu wakienda likizo nyumbani. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, mahali ambapo miaka michache nyuma palikuwa chuo cha kufunza walimu wa shule za msingi. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe. Kila mara walimu wa kutoka ng'ambo waliomba uhamisho, wakaondoka, nani angewalaumu, na shule zikabaki na vijana waliomaliza kidato cha nne jana, wakilipwa na kamati za wazazi. Dadaab, katika kaunti ya Garissa, wakimbizi wenyewe walikuwa wakisomesha watoto wa wakimbizi kwa posho ndogo tangu kambi zilipoanza 1991. Tazama kilichotokea: mfumo ulipoondoa watu wake, shule zikarudi katika desturi ya duksi, mwalimu wa hapa anayelipwa na wa hapa. Simaanishi kwamba ni jambo jema. Mtoto wa Garissa anastahili mwalimu wa fizikia aliyesomea fizikia. Ninasema tu kwamba anayedhani hilo ni jambo geni hajaisoma historia tunayoifungua hapa.

Katika miaka hiyohiyo alikuwapo Salah Farah, naibu mwalimu mkuu. Desemba 2015 basi alilopanda lilishambuliwa likielekea Mandera, na washambuliaji wakataka Waislamu na Wakristo watengane. Abiria walikataa. Salah Farah alipigwa risasi, akafa hospitalini Nairobi mwezi uliofuata, na taifa likampa nishani. Filamu fupi ya Watu Wote, iliyotokana na tukio hilo, ilifika hadi kwenye orodha ya wawania Oscar mwaka 2018. Nimemtaja kwa sababu ya cheo chake. Kutenganisha watu kwa mistari ndiyo kazi ambayo utawala wa droo nne uliifanya kwa miongo mingi kwa kalamu, na aliyekufa akiikataa ni mtu ambaye kila asubuhi alipanga watoto wa kila aina katika mstari mmoja.

Utafanyaje kazi katika taaluma hii? Nyaraka za Taifa pale Nairobi zina faili za wilaya za kaskazini, na ripoti za makabidhiano ambazo mkuu wa wilaya anayeondoka alimwandikia anayeingia; zisome, ila usome pia kinachokosekana. Halafu uende shuleni. Omba daftari la mahudhurio la zamani kabla ya kuomba lolote lingine, maana daftari halina hotuba. Utaona majina yakipungua ukame unapoingia, yakirudi mvua ikinyesha. Utaona wino ukibadilika mwalimu anapohama. Na pengine, pembezoni, alama ndogo ambayo mwalimu mkuu aliijua peke yake. Tazama kengele: mara nyingi ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na rimu hiyo ina hadithi ya lori. Jifunze Kisomali cha kutosha kuomba maji na kusema asante. Na unapokaribishwa chai ya maziwa ya ngamia, kunywa, hata ule moshi wake ukikushinda mara ya kwanza.

Nilipokwenda kumwona mwalimu mkuu mstaafu wa kwanza katika utafiti wangu, nilivaa tai. Nilikuwa na barua yenye muhuri, kinasa sauti, maswali 40 yaliyopigwa chapa. Alinikalisha chini ya mti uani, akaiweka barua yangu chini ya kikombe isipeperuke, akanitazama muda. Nilijitambulisha: daktari fulani wa chuo kikuu fulani. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayengoja mgeni amalize kusafisha koo. Kisha akaniuliza, "Maalimu wako alikuwa nani?"

Nikadhani anaulizia msimamizi wa tasnifu yangu. Nikamtaja. Akatikisa kichwa. "Wa kwanza," akasema. "Aliyekushika mkono ukaandika alifu."

Nikamtajia jina la maalimu wangu wa chuoni, Mombasa, ambalo sikuwa nimelitamka kwa miaka 30. Akaniuliza alikuwa mkali? Nikasema alikuwa mkali. Akacheka, akaita wajukuu walete chai nyingine, na akaanza kusema.